Mji wa Kushonwa

Kila asubuhi matatu yangu hupita Rhapta Road, pale Westlands. Miaka miwili nimekuwa nikidhani Rhapta ni mzungu fulani wa enzi za ukoloni. Juzi tukiwa tumekwama kwa jam nikatafuta kwa simu. Kumbe ni mji.

Katika karne ya 1, mfanyabiashara aliyeishi Misri aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa bandari, Periplus. Anasema soko la mwisho katika pwani yetu, aliyoiita Azania, ni Rhapta, penye pembe za ndovu na magamba ya kasa kwa wingi. Jina lenyewe, anaeleza, limetokana na mashua za huko, zilizoshonwa. Kwa Kigiriki, rhaptein ni kushona. Na si utani: kule Lamu mitepe ilishonwa hivyo kwa karne nyingi. Mbao zilitobolewa, zikaunganishwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari hata mmoja.

Nilisoma hayo nikamkumbuka mathe.

Mamangu ni fundi wa nguo. Ana kibanda Kawangware, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mama Cherehani tu. Nikiingia Form One, kwenye fomu ya shule, pale pa kazi ya mzazi, niliandika "biashara". Aliiona. Hakusema kitu. Aliweka sahihi, akarudi kwa cherehani.

Wenyeji wa Rhapta waliuitaje mji wao? Halikuandikwa. Mgeni alishuka, akaona kazi ya mikono, akaifanya jina. Mpaka leo mji haujapatikana. Wasomi wengi wanauweka mahali fulani pwani ya Tanzania. Waliozishona zile mashua hawana majina. Mshono wao ndio umebaki.

Jumamosi nilienda kwa kibanda nikamsimulia. Alikuwa anapindua kola ya shati, miwani imeshuka puani.

"Kwa hivyo hao walikuwa mafundi?"

"Ndio, mum. Mji mzima."

"Na majina yao?"

"Hayakuandikwa."

Akakata uzi kwa meno, akaninyoshea shati.

"Si ulisema kazini wamekupa fomu ya bima, uandike wazazi? Basi andika majina yangu yote matatu. Na kazi uandike vile iko."