Mama Akiandikiwa Kupasuliwa, Jitayarisheni Mapema

Mimi ni karani wa parokia. Katika kabati la ofisi yetu vimo vitabu viwili vinavyokaa pamoja: kitabu cha Ubatizo na kitabu cha marehemu. Mara mbili nimeandika jina la mtoto katika cha kwanza na la mama yake katika cha pili, juma lilelile. Kwa hiyo yafaa nikusimulie yaliyotupata nyumbani mwaka 2022, usije ukafanya kosa nililofanya mimi.

Mke wangu alikuwa na mimba ya tatu. Wawili wa kwanza aliwazaa vizuri. Mwezi wa saba akaona damu, wala hakusikia maumivu. Tukaenda hospitali, akapimwa kwa mashine ya picha. Daktari akatueleza kwamba kondo la nyuma limekaa chini, limeziba mlango wa uzazi. Uchungu ukianza, mlango utafunguka, kondo litabanduka kabla mtoto hajatoka, na damu itamwagika nyingi. Mara nyingine kondo hupanda juu tumbo linapokua, lakini alipopimwa tena baada ya majuma machache lilikuwa palepale. Basi akaandikiwa siku ya kupasuliwa, katika juma la 37, kabla ya uchungu kuanza.

Mbele ya daktari nikaitikia, lakini nyumbani nikanyamaza. Niliona haya. Kwetu wapo wasemao kwamba mwanamke aliyepasuliwa hakuzaa. Mama yangu alipong'amua akasema, "Mwanangu, hayo ni mambo ya Wazungu. Wewe mbona nilikuzaa shambani?" Nami niliyesoma chuo cha ualimu nikakosa jibu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa naficha.

Siku moja sista mkunga akaniuliza, "Karani, watakaomtolea mkeo damu ni akina nani?" Nikanyamaza. "Wanaijua siku yenyewe?" Nikanyamaza tena. Akasema, "Basi wangoja nini? Damu haiuzwi dukani."

Jioni ile jumuiya yetu ilikutana kusali rozari. Baada ya sala nikasimama, nikasema yote. Nilidhani watanicheka. Kumbe mzee mmoja akauliza tu hospitali inataka watu wangapi. Wakajitoa sita, wakapokelewa wanne. Mmoja hakufikia uzito wa kilo 50. Wa sita ndiye mzee mwenyewe, naye alikataliwa kwa kuwa amepita miaka 65. Akaleta kuku wawili, akasema, "Wauze, iwe nauli."

Mama naye nilimweleza niliyosoma. Mwaka 1879 Mwingereza aitwaye Felkin alimwona mganga Mwafrika huko Bunyoro, Uganda, akimpasua mama mjamzito. Alimpa kwanza pombe ya ndizi, akanawa mikono na kuliosha tumbo kwa pombe, akamtoa mtoto, kisha akafunga jeraha kwa vyuma vyembamba. Mama na mtoto walipona. Mama yangu akafikiri kitambo, akasema, "Kumbe wazee nao walijua." Tangu hapo akaanza kukusanya kanga za mtoto.

Basi tukajitayarisha. Mke wangu alimeza vidonge vya kuongeza damu kila siku, akala mchicha, maharage na dagaa. Majuma mawili kabla ya siku yenyewe akahamia nyumba ya kungojea uzazi karibu na hospitali, maana kutoka kwetu ni kilometa 40, na barabara wakati wa mvua haiaminiki. Alichukua kadi ya kliniki, sabuni, kanga safi na nguo za mtoto. Akaungama, akapokea Komunyo, na padre akambariki. Usiku wa mwisho aliambiwa asile kitu tangu saa sita. Asubuhi akauliza maswali yake yote, ndipo akatia sahihi kwa mkono wake.

Alichomwa sindano ya ganzi mgongoni. Hakulala, hata sauti ya kwanza ya mtoto aliisikia. Damu ilimtoka nyingi, lakini ya kumwongezea ilikuwa tayari, akapewa chupa mbili. Msomaji, ningeendelea kuona haya, wangeitafuta wapi saa ile?

Kurudi nyumbani si mwisho wa kazi. Kwa majuma sita asibebe ndoo wala kuni. Mimi ndiye niliyeteka maji, na waliocheka walizoea. Akipata homa, au jeraha likitoa usaha, au damu ikizidi, arudishwe hospitali mara moja. Tena mwili upumzishwe kabla ya mimba nyingine. Masista walitushauri tungoje miaka miwili, wakatufundisha njia za asili za kupanga uzazi.

Mtoto tulimwita Raimundi, kwa heshima ya Mtakatifu Raimundi Nonnatus wa Hispania, ambaye husimuliwa kwamba alitolewa tumboni mwa mama yake aliyekwisha kufa. Sikukuu yake ni tarehe 31 Agosti. Mama wa Raimundi wetu yu hai, naye ndiye aliyempakata siku ya Ubatizo.

Ndugu yangu, kama mkeo au binti yako ameandikiwa kupasuliwa, usifiche. Waambie ndugu, iambie jumuiya, tafuta damu, tafuta nauli, sogea karibu na hospitali. Kisha mwachie Mungu yaliyobaki.