Muuaji anayelinda minazi ya Likoni

Msomaji, siku utakapovuka feri kwenda Likoni bila haraka, usiufuate umati unaokimbilia matatu za Ukunda. Shika njia ya kulia, panda bodaboda, mwambie kijana akupeleke Mtongwe. Mwanzoni utaona mihogo ikikaangwa kando ya barabara, maduka ya simu na nyumba za kupangisha zilizobanana hata upepo unabisha hodi. Baada ya hapo minazi inaanza kuchungulia juu ya mabati, mmoja hapa, mitatu pale, na ukizidi kwenda mbele unakutana na kipande cha shamba ambacho hakijageuzwa ploti.

Inua macho uyatazame makuti. Ukiona kuti lililokatwa mshazari pande zote mbili, kana kwamba mtu alilikunja likiwa changa akalipitishia mkasi, usidhani ni kazi ya mgema. Huyo ni chonga, mbawakawa mweusi mwenye pembe puani. Usiku hutoboa kilele cha mnazi na kutafuna makuti ambayo bado yamekunjwa, na yanapofunguka wiki kadhaa baadaye ndipo mwenye shamba anapoona hasara. Mnazi mkubwa unaweza kuvumilia. Mche mchanga ukitobolewa moyo, hufa.

Mimi nilifika huko Jumamosi moja kumwona mzee ambaye kwa miaka mingi amewauzia nazi majirani zangu wa mjini. Nilimkuta na shoka mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mzuri. Leo nachoma nyumba ya wezi."

Nyumba yenyewe ilikuwa gogo la mnazi lililoanguka zamani, limelala kwenye nyasi, limeoza ndani mpaka limekuwa kama unga wa kahawia. Mzee alipiga shoka mara mbili, gome likafunguka, na ndani mkaonekana funza wanene, weupe, waliojikunja kama herufi C. Hao ndio watoto wa chonga. Mwaka huo pekee, aliniambia, alikuwa amepoteza miche minne.

Lakini chini ya kipande cha gome, pembeni kidogo, alijificha mdudu wa namna nyingine. Mzee aliruka nyuma. Mjukuu wake wa miaka kama kumi akachukua kandambili tayari kumponda.

"Huyo mbaya!" akasema mzee. "Aliwahi kunidunga kidole nikipasua kuni. Ni kama kuchomwa na msumari uliotoka motoni. Nilikaa macho mpaka alfajiri."

Nilimwomba mtoto angoje kidogo. Tulichutama, tukamtazama tukiwa mbali kiasi cha hatua mbili.

Urefu wake hukaribia njiti ya kiberiti, lakini ni mpana na mnene. Mwili wote ni mweusi, na juu ya mabawa kuna madoa mawili, moja kila upande, rangi yake kati ya nyekundu na chungwa. Mapaja nayo yamevishwa pete za rangi hiyo hiyo. Kichwa ni chembamba, na chini yake mdomo umekunjwa kama wembe wa kinyozi uliorudishwa kwenye mpini. Jina lake la kitaalamu ni Platymeris rhadamanthus. Mzee, nilipomwuliza, alisema yeye humwita mdudu tu, kwa sababu hakuwahi kukaa naye muda wa kumpa jina. Hapa tumwite kunguni muuaji.

Ndiyo, msomaji, ni kunguni. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakumjua huyu, ila ukoo ni mmoja. Wataalamu wamewaweka katika kundi kubwa liitwalo Hemiptera, maana yake mabawa nusu, kwa sababu kwa wengi wao bawa la mbele huwa gumu kama ngozi karibu na bega na jembamba kama karatasi mwishoni. Hapo ndipo unapoweza kumtofautisha na mbawakawa, ambaye bawa lake la mbele ni gamba gumu lote. Tofauti kubwa zaidi iko mdomoni. Mbawakawa ana meno ya kutafuna, na kunguni ana sindano ya kudunga na kufyonza. Kunguni wa kitanda anafyonza damu yetu. Yuko pia kunguni wa nazi, anayefyonza vidaka vikapukutika kabla ya kuwa madafu. Huyu mwenye madoa anafyonza wadudu wenzake.

Familia yake, Reduviidae, ina aina karibu 7,000 duniani, na sehemu kubwa ni wawindaji. Wapo ndugu zao wa Marekani ya Kusini wanaonyonya damu ya watu usiku na kueneza ugonjwa ambao daktari Carlos Chagas wa Brazil aliueleza mwaka 1909. Nalisema hili mapema ili mama msomaji asije akafukuza kila mdudu mweusi nyumbani kwa hofu. Huyu wa Likoni hamfuati mtu kitandani. Humdunga mtu anaposhikwa au kubanwa.

Jina lake nalo lina kisa. Mwaka 1861 Mjerumani mmoja, Baron von der Decken, alitoka Mombasa na msafara kwenda Kilimanjaro. Aliendelea na safari zake Afrika Mashariki mpaka alipouawa kando ya mto Juba mwaka 1865. Wadudu waliokusanywa katika safari hizo walipelekwa Ujerumani, na mwaka 1873 mtaalamu Gerstaecker akatoa kitabu juu yao, ndani yake kunguni wetu akiwemo. Rhadamanthus, katika hadithi za Wayunani wa kale, ni hakimu wa wafu kuzimu. Sijui kama kuna mdudu mwingine wa pwani yetu aliyepewa cheo kikubwa namna hiyo, lakini anavyofanya kazi, cheo kinamfaa.

Mchana hulala chini ya gome au kwenye nyufa. Usiku hutoka, akatembea polepole au akasimama tu kungoja. Mende au mbawakawa akipita karibu, humrukia na kumbana kwa miguu ya mbele, ambayo ina vijito laini vya kunatia, kisha huzamisha sindano mahali palipo laini, kwenye viungo vya gamba. Mate anayoyaingiza ni sumu na ni dawa ya kuyeyusha kwa wakati mmoja. J. S. Edwards, aliyeyachunguza mate hayo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1961, aliona mende akiacha kutikisika katika sekunde chache tu. Nyama ya ndani hugeuka uji, na kunguni huinywa taratibu kama mtu anayekunywa dafu kwa mrija. Akimaliza, mende hubaki na umbo lake lote, miguu na mabawa, ila ndani hamna kitu.

Edwards aliona pia jambo ambalo wenye watoto inafaa mlijue. Akichokozwa, mdudu huyu hutema mate yake hewani, na yanaweza kufika sentimita 30. Yakiingia jichoni yanauma sana na kulivimbisha, na mtu anaweza asione kwa muda. Kwa hiyo mtoto asimsogezee uso. Ikitokea, osha jicho kwa maji safi mengi na umpeleke hospitali. Kabla ya kufika huko mara nyingi atakuonya: hukwaruza ncha ya mdomo kwenye mfereji mdogo ulio kifuani, ukasikia mlio kama wa kuchana kitambaa.

Watoto wake hutoka kwenye mayai yanayoangushwa moja moja kwenye unga wa gogo lililooza. Hawana mabawa. Hujivua ngozi mara tano kabla ya kuwa wakubwa, na kila wakitoka kwenye ngozi kuukuu huwa wekundu kwa muda mfupi, kisha weusi huwarudia. Nao huwinda tangu udogoni.

Sasa turudi kwa mzee na shoka lake. Mnamo 1958 F. L. Vanderplank, aliyetafiti minazi ya Zanzibar, alichapisha makala akimweleza kunguni huyu kuwa mwindaji wa manufaa dhidi ya chonga. Habari zikaenea. Katika miaka ya 1960 jamaa yake wa karibu, Platymeris laevicollis, alichukuliwa kutoka Zanzibar hadi India, na wengine wakapelekwa visiwa vya Pasifiki, ambako chonga wa Asia alikuwa akiangamiza minazi. Huko Pasifiki hawakufua dafu. Kilichomshinda chonga kule ni kirusi kilichogunduliwa Malaysia mwaka 1963. Basi nisikudanganye, msomaji, kwamba ukiwa na kunguni kumi shambani umepona. Yeye ni mlinzi mmoja wa usiku, na shamba lina milango mingi.

Na hapa ndipo penye utata. Ushauri wa kilimo, nao ni wa kweli, husema magogo ya minazi iliyokufa yaondolewe, yapasuliwe au yachomwe, kwa sababu ndimo chonga anamozaa. Lakini gogo hilo hilo ndilo kunguni muuaji anamolala. Ukichoma, umemteketeza mwizi pamoja na askari. Nilimweleza mzee hivyo, akanyamaza, akajikuna kidevu.

"Kwa hiyo niwaache wezi kwa ajili ya askari mmoja?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilichofikiria ni Bamburi, upande wa Kisauni, ambako machimbo ya saruji yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971. Majani ya mivinje yalikataa kuoza, udongo haukupatikana, mpaka René Haller alipowaleta jongoo wenye miguu myekundu, wale ambao watu huwaita treni za Mombasa, wakayala na kuyageuza mbolea. Leo ni msitu wenye twiga, na familia hulipa kiingilio kuutembea. Ila Haller alikuwa na kampuni nyuma yake. Mzee ana shoka, mjukuu na kuku.

Ni kuku waliotatua mambo. Mjukuu alikuwa ameshawarushia funza wawili, na sasa jogoo alikuwa amesimama mlangoni mwa gogo kama mwenye kudai kodi. Mzee alicheka, akaweka kiberiti mfukoni.

"Basi tusichome. Tupasue, hawa wale."

Walipasua gogo lote, kipande kwa kipande, na kuku wakala mpaka wakachoka. Niliwahesabu kunguni wauaji, wakubwa na wadogo, wakafika saba. Kila alipoonekana mmoja mtoto alipiga kelele, mzee akamsogezea fimbo ya kuti, ndefu, mkono ukiwa mbali, akambeba mpaka kwenye shina la mnazi ulio hai. Wa mwisho alikataa kushuka kwenye fimbo. Alikaa pale akikwaruza kifua chake, sisi sote tumerudi nyuma, mpaka jua lilipompata mgongoni. Hapo akashika gome, akapanda kiasi cha shibiri mbili, akajipenyeza kwenye ufa.