Makro na Mafaili Yaliyounganishwa

VisiCalc, lahajedwali iliyoanza kuuzwa mwaka 1979 kwa kompyuta ya Apple II, haikuwa na fomula ya kusoma seli iliyoko kwenye faili jingine. Lotus 1-2-3 ya mwaka 1983 ilileta makro, nazo mwanzoni hazikuwa na ufundi mkubwa: ni mfuatano wa vibonyezo uliohifadhiwa kama maandishi ndani ya seli. Mtumiaji alibonyeza Alt pamoja na herufi moja, programu ikavirudia vibonyezo vyote na kuingiza takwimu za mafaili mengine. Tatizo ni kwamba mtu akiongeza safu mlalo moja, fomula zilijirekebisha, lakini makro ilibaki na anwani za zamani na kuweka tarakimu pasipo pake.

Excel, iliyotoka mwaka 1985 kwenye Macintosh, iliruhusu fomula kuelekeza kwenye seli ya faili jingine. Ila kiungo cha namna hiyo hutunza thamani kiliyoiona mara ya mwisho. Chanzo kikibadilishwa jina au kikihamishwa, jumla huendelea kuonekana nzima ilhali imepitwa na wakati, na hapo ndipo wahasibu huumbuka.

Mwaka 1993 Excel 5 ilikuja na VBA, lugha ya kuandikia programu, makro ikawa programu kamili: hupitia folda nzima, hufungua faili moja baada ya jingine, huhuisha viungo, hunakili, hufunga. Nguvu hiyo iliwafaa watunga virusi pia. Laroux, kirusi cha makro za Excel, kilionekana mwaka 1996. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za mafaili yatokayo kwenye intaneti.

Hasara ya zaidi ya dola bilioni 6 iliyoipata benki ya JPMorgan mwaka 2012 hutajwa sana katika mjadala wa makosa ya lahajedwali. Ripoti ya benki hiyo yenyewe ilieleza kuwa kielelezo chake cha kupima hatari kiliendeshwa kwa lahajedwali kadhaa za Excel, data ikinakiliwa kwa mkono kutoka moja hadi nyingine. Makro ingeondoa kunakili huko. Isingegundua kosa jingine lililotajwa humo: fomula iliyogawanya kwa jumla badala ya wastani.

Excel 2016 ilikuja na Power Query ndani yake, inayokusanya takwimu za folda nzima pasipo mtu kufungua faili hata moja. Kwa kazi hiyo imeipiku makro, ambayo bado inafaa kwa mengine, kama kutoa ripoti ya kila tawi katika PDF. Anayeanza leo aanzie Power Query. Aliyerithi makro ya zamani ausome msimbo wake mstari kwa mstari kabla aliyeiandika hajastaafu.