Bomu Moja, Milango Tofauti

Jumatatu, 7 Agosti 2023, Juja
Redio ya matatu kutoka Thika ilikuwa ya bomu la 1998 kwenye ubalozi wa Marekani tu: miaka 25, watu 213 waliouawa Nairobi, maua pale bustanini Moi Avenue. Pesa haikutajwa. Ofisini kwetu pesa ndiyo hutajwa kwanza, maana mimi ni karani wa wakili, basi jioni nimeirudia ile kesi ya waathiriwa dhidi ya Sudan.

Serikali ya kigeni haishtakiwi hivi hivi Marekani, ina kinga. Bunge lao liliondoa kinga hiyo kwa mataifa yaliyo kwenye orodha yao ya wafadhili wa ugaidi, na Januari 2008 likaongeza watu wanaoweza kudai. Mbali na raia na wanajeshi wao, mfanyakazi wa serikali ya Marekani naye akaruhusiwa, hata akiwa Mkenya au Mtanzania. Dereva wa ubalozi akapata mlango. Aliyekuwa akipita barabarani na kibeti chake, hakupata.

Jumatano, 9 Agosti
Jirani yangu wa ploti, ambaye sote twamwita Shosho, amesikia ninasoma mambo hayo. Siku ile ya bomu alikuwa kwenye foleni ya benki katika Co-operative House, jirani ya ubalozi. Ulisikika mlio wa kwanza, watu wakakimbilia dirishani kutazama, na yeye pia. Jicho la kushoto likaenda na kioo.

Ameuliza, "Kwa hivyo, kijana wangu, ningekuwa nafagia ubalozini ningelipwa?"
"Ungeruhusiwa kushtaki, Shosho."
"Na bomu ni lile lile."
Nimenyamaza. Sheria ilimuuliza mwajiri wake ni nani, wala haikumuuliza jicho liko wapi.

Alhamisi, 10 Agosti
Isidhaniwe kwamba walioingia mlangoni walitajirika. Jaji John Bates wa Washington aliamua mwaka 2011 kwamba Sudan, iliyomhifadhi Osama bin Laden hadi 1996, inawajibika kwa bomu lile. Kufikia 2014 jumla ya fidia ilipita dola bilioni 10. Sudan ikakata rufaa, na Mei 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kwa kauli moja kwamba hata fidia ya adhabu inaruhusiwa kwa tendo la kabla ya 2008. Shangwe! Miezi michache baadaye siasa ikaketi mezani. Khartoum ilitaka kutoka kwenye orodha, Washington ilitaka rafiki mpya. Sudan ikalipa dola milioni 335, zigawanywe pia na waathiriwa wa shambulio jingine, la meli ya USS Cole, na Desemba Sudan ikarudishiwa kinga yake, isipokuwa kwa kesi za Septemba 11. Mtu anashinda mahakamani, kisha ushindi wake unauzwa na watu ambao hakuwatuma sokoni.

Jumamosi, 12 Agosti
Kuna kesi nyingine ambayo haisemwi sana. Wakenya waliishtaki Marekani yenyewe kwa uzembe wa kutolinda jengo. Na ushahidi haukukosekana: Balozi Prudence Bushnell alikuwa ameionya Washington kwamba ubalozi ule, uliobanana na barabara mbili kubwa, ni hatari. Kesi ilitupwa, na rufaa ikaanguka mwaka 2003. Hoja: kuamua ulinzi uwe kiasi gani ni jambo la sera, na mahakama haiihukumu serikali kwa sera. Nimeisoma hukumu hiyo nikiwa na hasira. Ina mantiki, na hilo ndilo linalonikera.

Jumatatu, 14 Agosti
Leo nimemuuliza wakili kuhusu milango ya hapa nyumbani. Sura ya 39 ya sheria zetu inatoa miezi 12 ya kuidai serikali kwa madhara. Miezi 12! Wako waliokuwa bado wanarudi hospitali kutolewa vipande vya vioo. Ombi la kikatiba chini ya Kifungu cha 22 halina muda maalumu, ingawa jaji atauliza ulikuwa wapi miaka yote hii. Na ukishinda, huwezi kutuma dalali wizarani. Pale Thika nimeona madalali wakibeba hadi godoro la mdaiwa, lakini mali ya serikali sheria inakataza kukamatwa. Unapewa cheti, unangoja bajeti. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 nayo ilianzisha hazina ya fidia kwa waathiriwa. Sijawahi kuona mteja wetu hata mmoja akitoka huko na hundi.

Jumanne, 15 Agosti
Asubuhi foleni ya magari karibu na hoteli ya Homeland, pale Thika Road, imenikumbusha Mei 2014, mabasi mawili yalipolipuliwa Jumapili moja. Abiria walikuwa watu wa njia hii yetu. Nimejaribu kuwaandalia kesi kichwani. Aliyelipua hana anwani ya kupelekewa samansi. Hakuna taifa lililotajwa kuwa mfadhili, wala sijasikia abiria aliyekuwa ameajiriwa na Marekani. Mwenye basi naye ni mwathiriwa. Inabaki serikali, na miezi 12 yake iliisha Mei 2015.