Ngome za Mawe za Maktau

Sisi wa Mukendo tumezoea kuona ndege zikishuka karibu na nyumba zetu hapa Musoma. Si rahisi kufikiri kwamba uwanja wa ndege huweza kuwa mahali pa vita. Mimi nilielewa hivyo nilipofika Maktau, katika Taita, nchini Kenya.

Safari ni ndefu. Unapanda basi hadi Arusha na Moshi, unavuka mpaka Holili, unaingia Taveta, kisha unashika barabara ya Voi inayopita katika nyika ya Tsavo.

Agosti 1914 Wajerumani, waliokuwa wakitawala nchi yetu, waliiteka Taveta. Walitaka kuiharibu reli ya Uganda. Mwaka 1915 Waingereza walijenga reli kutoka Voi hadi Maktau, na Septemba mwaka huo ndege zao zikaanza kuruka kutoka kiwanja kilichofyekwa porini. Ili kuilinda njia hiyo walichimba mahandaki na kujenga ngome ndogo za mawe vilimani. Ile ya Mashoti bado imesimama, pamoja na matundu ya kupitishia mitutu ya bunduki.

Kwa kuwa mimi ni muuguzi, niliwaza juu ya mapagazi. Waafrika waliochukuliwa na Waingereza kubeba mizigo katika vita ile walikufa zaidi ya 40,000, na wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Sababu mojawapo ilikuwa jikoni: walipewa unga wa mahindi, sufuria hazikutosha, muda wa kupika ulikuwa mfupi, wakala ugali mbichi. Matumbo yao yakaharibika. Ukuta wa mawe haukuweza kuwakinga na hayo.

Askari wa Uingereza wana makaburi yenye majina Taveta na Voi. Mapagazi wengi hawana kaburi linalojulikana. Jina la Kariakoo, la Dar es Salaam, limetokana na kikosi chao.

Kina mama, mkipita njia ile, simameni mkaone, wala msiondoe jiwe hata moja. Mkirudi nyumbani, waulizeni wazee kama katika ukoo wenu yupo aliyechukuliwa kuwa pagazi. Akitajwa, liandikeni jina lake, watoto walijue.