Jiwe la Mlangoni

Mlango wa uani kwetu hauna komeo. Unazuiwa na jiwe. Kwa nje ni jeusi, ukubwa wake kama embe dodo, lakini upande mmoja limepasuka na mle ndani ni kijani, chembechembe za kijani zilizobanana kama sukari guru, na hapa na pale vidoa vyekundu. Wageni hulisifia. Mimi kwa miaka mingi nililichukia, maana jiwe lile lilikula ada yangu ya kidato cha tano.

Mzee wangu alikuwa dereva wa lori la moramu. Alikuwa akipakia kwenye vilima vya upande wa Monduli na kushusha Arusha mjini, tripu tatu kwa siku. Mwaka 2016 utingo wake alipasua bonge moja kwa sururu, wakaona ukijani. Dalali mmoja wa kijiweni akaapa kwa jina la mama yake kwamba ni zumaridi. Basi, ndugu msomaji, kilichofuata unaweza kukikisia. Mzee aliacha usukani, akauza kiwanja, akakodi vijana wanne. Walichimba miezi minne. Siku aliyokwenda kwa mnunuzi wa madini nilifuatana naye, na nakumbuka yule bwana hakucheka hata kidogo. Alisema kwa upole tu, "Mzee, hii ni olivini. Imepasukapasuka yote. Hata kuchongwa haichongeki." Tulirudi kwa miguu ingawa nauli tulikuwa nayo.

Mimi nikabaki na cheti cha kidato cha nne na hasira. Hasira nikaigeuza riwaya: madaftari sita, baba mjinga mwenye tamaa, mwana mwerevu anayeteseka. Mhariri niliyempelekea aliirudisha na mstari mmoja wa penseli pembeni: "Huyu baba hana alikotoka." Nilimtukana kimoyomoyo wiki nzima.

Mwaka jana chumba cha mbele kikapata mpangaji, kijana aliyemaliza chuo kwa masomo ya jiolojia na anayetafuta kazi, kama sisi wote. Jioni ya kwanza alikwenda uani kunawa, hakurudi. Nikamkuta amechuchumaa mlangoni, kioo cha kukuzia jichoni.

"Mshikaji, hili limetoka wapi?"

"Monduli."

"Monduli limeshukia tu. Nauliza lilikotoka."

Tulikaa pale hadi mbu wakatufukuza. Mimi shuleni nilikariri kwamba chini ya ganda la dunia kuna ziwa la moto. Uongo! Ganda tunalokanyaga lina kama kilometa 40 hivi. Chini yake ni mantili, tabaka linaloshuka hadi kilometa 2,900, na karibu lote ni jiwe gumu. Lina joto kali, ndiyo, na linajongea polepole mno kwa mamilioni ya miaka, lakini ni jiwe. Jiwe lenyewe linaitwa peridotaiti, na ndilo lililokuwa likizuia mlango wetu. Vile vidoa vyekundu ni ganeti, na ganeti katika jiwe la namna hii ni ushahidi kwamba lilikandamizwa kwenye kina kikubwa sana.

"Sasa kama ni gumu, volkano inatoka wapi?" nikamuuliza.

Akaniuliza kama nimewahi kumwona mtu akikamua nazi. Nimewahi! Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Tanga. Tui la kwanza zito, la pili jepesi, kisha machicha. Akasema ndivyo hivyo. Jiwe la mantili haliyeyuki lote. Linapopanda juu, mgandamizo unapungua, na kwa joto lile lile lililokuwa nalo linaanza kuyeyuka, kidogo tu, sehemu chache katika mia. Kinachoyeyuka kwanza kinaondoka na chuma, kalisi na alumini, kinapanda, kinakuwa lava. Kinachobaki ni machicha: jiwe lenye magnesi nyingi, gumu zaidi kuyeyusha, na jepesi kidogo kuliko lilivyokuwa kabla ya kukamuliwa.

Wepesi huo ndio ulionishangaza. Machicha hayo hayazami. Yanaelea chini ya bara kama boya, yanakaa hapo miaka na miaka. Chini ya katikati ya Tanzania, kuanzia Dodoma hadi Shinyanga na Mwanza, kuna nguzo ya namna hiyo yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Bonde la Ufa lilipofika hapo lilishindwa kupita katikati. Likagawanyika, mkono mmoja ukapita Natron na Manyara, mwingine ukazunguka kwa Ziwa Tanganyika. Nimekaa na ramani ya nchi hii ukutani tangu darasa la tatu na sikuwahi kujiuliza kwa nini maziwa yetu yamekaa kama mabano.

Lakini kazi haikuishia hapo. Machicha nayo yanaweza kumwagiwa kitu. Kutoka chini zaidi hupanda vimiminika vyenye maji, hewa ukaa, potasi na sodi, vinapenya katika nyufa na kubadilisha jiwe bila kuliyeyusha lote. Panaota madini ambayo hayakuwapo: mika ya kahawia inayometameta, amfiboli nyeusi. Alinigeuzia jiwe kwenye taa ya simu, nikaona vipande viwili vya mika, vyembamba kama ganda la kitunguu. Miaka yote ile nilikuwa nalipiga teke, sikuviona.

Na vimiminika hivyo hulainisha. Mahali palipoguswa na maji au hewa ukaa panayeyuka kwa joto dogo kuliko pakavu. Hapo nikamkatiza: kama bibi anavyotia magadi kwenye maharage! Akacheka, akasema kemia yake si hiyo, ila nisiliache wazo hilo, kwa sababu mlima Ol Doinyo Lengai hutapika kitu ambacho ni ndugu wa magadi. Mwaka 1960 mtaalamu Mwingereza, Dawson, aliupanda na kukuta lava ya kaboneti ya sodi, nyeusi, nyepesi kama oili chafu, ya nyuzi 500 na kitu, wakati lava za kawaida hupita 1,000. Ikinyonya unyevu inageuka nyeupe baada ya siku chache. Mimi Lengai naukumbuka kwa jambo jingine. Julai 2007, nikiwa na miaka minane, ardhi ilitikisika Arusha hadi sahani zikaanguka, na Septemba mlima ukalipuka. Mzee ndiye aliyenibeba kutoka kitandani. Hilo katika riwaya sikuliweka.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nalifikiria lile neno la penseli.

Asubuhi nilimkuta mzee uani anakunywa chai ya rangi. Nikamuuliza alikuwa nani kabla ya lori. Alinitazama kama niliyelewa. Halafu akasema, taratibu, kwamba alikuwa fundi mitambo kiwandani, kiwanda kikafungwa mwaka 1996, wakaambiwa malipo yatakuja. Alikwenda kuyafuatilia miaka mitatu. Sikuwahi kusikia habari hiyo. "Sikuchimba kwa utajiri," akasema. "Nilisema safari hii nisimwachie mtu mwingine afunge."

Sikuwa na la kujibu, nikamwambia habari za jiwe. Nilimwambia limekamuliwa kabla hakujakuwa na mnyama wala jani duniani, likamwagiwa vimiminika na kuota mika, na kwamba lilipanda kutoka zaidi ya kilometa 100 chini ya vilima vile. Lilibebwa na magma iliyokuwa na haraka, kwa saa au siku chache tu, maana jiwe hili ni zito kuliko magma na ingechelewa lingezama njiani.

Mzee aliliokota, akalipima mkononi kama mtu anayenunua nyama.

"Kilometa 100 kwa siku chache? Kwenda juu?"

"Ndiyo, baba."

"Na huo mzigo wote?" Akatikisa kichwa, dereva kabisa. Kisha akainama, akalirudisha mlangoni, ule upande wa kijani ukitazama nje.