Kanisa na Pasi za Mtaa wa Albert



Mwaka huu nimeombwa niandike juu ya imani, nami nimeona heri nijibu hoja ambayo vijana wetu huitoa kila tukutanapo: ya kwamba Ukristo ndio uliomtandikia mkoloni kitanda.

Sisi tukaao Marshalltown hatuwezi kuikwepa, maana twapita mbele yake kila siku. Jengo namba 80 la Mtaa wa Albert, lile lililoungua tarehe 31 Agosti 2023 wakafa watu zaidi ya 70, Watanzania wakiwamo, enzi za ubaguzi lilikuwa ofisi ya pasi. Hapo mtu mweusi alipanga foleni kuomba ruhusa ya kufanya kazi katika mji huu. Mpwa wangu, ambaye hataki mwanawe abatizwe, aliniuliza mbele ya wazee: "Mjomba, hao waliogonga mihuri Jumatatu, Jumapili walikuwa wapi?"

Wengi wao walikuwa kanisani. Wapo wanaojibu kwamba wale hawakuwa Wakristo wa kweli, lakini jibu hilo mimi silikubali. Ni la mtu anayekimbia deni. Walisali, walisoma Biblia na watoto wao jioni. Mwaka 1857 sinodi ya kanisa lao, Dutch Reformed, huko Cape, iliruhusu weupe na weusi waabudu mbalimbali kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya waumini. Udhaifu wa weupe, jamani! Kilichoruhusiwa kwa udhaifu kikawa desturi, na mwisho kikahubiriwa kuwa ni mapenzi ya Mungu. Kwetu nako wamisionari wengi walikaa chini ya kivuli cha bendera ya mkoloni, na si wote waliosema neno.

Walakini wapo waliosema. Mwaka 1920 Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alitoa kijitabu cha kuishutumu serikali ya Uingereza, nchi yake mwenyewe, kwa kuwatumikisha Waafrika kwa nguvu. Trevor Huddleston, padri wa Sophiatown tangu 1943, alipinga watu wasihamishwe, hata shirika lake likamrudisha Uingereza. Mwaka 1960 akawa Askofu wa Masasi, mji ambao misheni yake ilianzishwa 1876 na Askofu Steere pamoja na watumwa walioachwa huru. Basi Johannesburg na kwetu zilikwisha kuunganishwa na mtu mmoja kabla sisi hatujafunga masanduku.

Mpwa wangu akacheka: "Wazungu wema watatu, Mjomba." Haki yake. Kwa hiyo nikaacha kuwahesabu wazungu nikamtajia Chifu Albert Luthuli, mhubiri katika kanisa lake, ambaye serikali ilimvua uchifu mwaka 1952. Mwezi Machi 1960, baada ya mauaji ya Sharpeville, aliichoma pasi yake hadharani. Karatasi ile ile iliyotolewa na ofisi kama hii ya jirani yetu! Imani yake hakuiazima kwa wagonga mihuri. Tena kanisa ambalo Makaburu waliwatengea Machotara ndilo lililoandika Ungamo la Belhar mwaka 1982, likatamka kwamba kuwatenga watu kwa rangi ni kuikana Injili.

Wenyewe walichelewa. Novemba 1990 huko Rustenburg, Profesa Willie Jonker aliungama dhambi ya ubaguzi kwa niaba yake na ya kanisa lake, naye Askofu Mkuu Tutu akasimama akampokea. Mpwa wangu ananikumbusha kwamba wakati huo Mandela alikwisha kutoka kifungoni. Ni kweli, wala sina la kupunguza hapo.

Juu ya mtoto nimemwambia hivi: kisima hiki hakikuchimbwa na wale waliokitia matope, na Luthuli alikunywa humo humo. Asimnyime mwanawe kwa ajili ya wagonga mihuri. Bado hajanijibu, na mama mtoto anasema nisimharakishe.